Panya Wasioonja Sukari

Kama kuna kiumbe ambacho Nyanchama hakuwahi kukisamehe hapa duniani, ni panya. Walimlia mahindi miaka nenda miaka rudi, wakamtobolea magunia, na mwaka mmoja wakajifungulia ndani ya kofia ya mumewe ya kanisani. Kwa hiyo kitinda mimba wake, Vinny, alipomaliza masomo na kuja nyumbani Chepseon mbio mbio kutangaza kwamba amepata kazi ya kutunza panya, Nyanchama aliweka mwiko chini akamtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Nimechuma chai miaka ishirini na tisa," alisema, "ndio mtoto wangu akakuwe boi wa panya?"

"Msaidizi wa maabara, Mama."

"Hao panya wanakula?"

"Wanakula."

"Nani anawapelekea?"

Vinny alikohoa. "Ni mimi."

"Basi."

Hilo "basi" lilidumu miaka mitatu. Majirani wakiuliza habari za Vinny, Nyanchama aliwaambia yuko Kericho, chuoni, na madaktari. Hakuwa amedanganya. Hakutaja panya tu.

Mumewe, Bosire, ndiye aliyempongeza kijana. Bosire alikuwa mtu wa maneno machache. Maisha yake yote ya kazi alikuwa askari wa shamba kubwa la chai, na walipostaafu wakanunua nusu eka Chepseon, aliendelea kuzunguka ua wao kila jioni akihesabu miti kana kwamba mtu angeiba mgrevilia. Nyanchama alimpenda, ingawa alikuwa na neno moja lililomkera. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto wa Nyanchama kilikuwa kimepinda kama ndoano, na kisa chake alikijua Bosire kuliko mtu yeyote. Lakini ukimwuliza, hata mbele ya wachungaji, angekujibu maneno mawili tu: "Nilikuwa kazini."

Lakini Aprili hii si panya wala kidole kilichomnyima Nyanchama raha. Ni simu ya Ann.

Ann ni binti yake wa kwanza, muuza viazi Londiani, mwenye mume dereva wa lori anayeonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi akibahatika. Alikuwa na mimba ya miezi saba, presha ikampanda, na daktari akasema lazima alazwe apumzike. Shule nazo zilikuwa zinafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Nitakuletea Mongina, Mama. Wiki mbili tu. Nitakuandikia kila kitu kwa karatasi, sindano na saa zake. Yeye mwenyewe anajua, anataka tu mtu mkubwa wa kumsimamia."

Mongina alikuwa na miaka tisa, na kwa miaka miwili sasa alikuwa na kisukari. Alidungwa insulini mara nne kwa siku, na alikuwa amezoea kuliko wakubwa waliomzunguka. Alikuwa mjukuu pekee wa Nyanchama. Bibi mwingine yeyote angekuwa tayari ameshaanza kutandika kitanda.

"Mpeleke kwa Nyamwange," alisema Nyanchama. Nyamwange alikuwa dada wa Bosire, mwanamke mwema mwenye kelele, anayeishi mbali.

"Mama, huyo mtoto amekuuliza wewe. Kila siku anakuuliza."

"Nimesema kwa Nyamwange." Akakata simu, akabaki ameishika mkononi kama kitu kilichomuunguza.

Watu wa nyumbani walidhani anaogopa sindano. Waache wadhani. Ukweli aliubeba peke yake, na ulikuwa huu.

Miaka miwili kabla, Mongina alikuja kukaa naye likizo ndefu. Mafua yenye homa yakapita Chepseon nzima, watoto wote wakalala, na Mongina akalala pia. Nyanchama akamtibu kama wanavyotibu watu wote waliozaliwa na kulelewa kati ya mashina ya chai. Kwao mtoto akianguka, anapewa chai. Mgeni akifika, chai. Msiba ukiingia, sufuria kubwa la chai linatangulia hata kabla ya mchungaji. Na chai ya mgonjwa ni ya maziwa matupu, na sukari ya kusimamisha kijiko. Mongina akapona. Wiki chache baadaye akaanza kushikwa na kiu. Alikunywa, akaomba tena, akanywa tena. Nyanchama alifurahi kweli kweli, akamwambia Bosire mtoto amerudiwa na hamu. Akamwekea ndizi mbivu. Kila akimmiminia kikombe alimwuliza, "Imekolea?" Na mtoto akamjibu, "Ongeza, Magokoro." Magokoro ndiye bibi kwa lugha yao ya Kisii, na kwa sauti ya Mongina neno hilo lilimlainisha Nyanchama. Akaongeza.

Halafu mtoto akaanza kukonda. Akaanza kulowesha kitanda. Asubuhi moja akawa anahema kwa nguvu na hakuamka alipoitwa. Walipofika hospitalini, muuguzi mmoja alitazama kipimo, akauliza bila hata ukali, "Ni nani amekuwa akimpa huyu mtoto sukari hii yote?"

Nyanchama alikuwa amesimama hapo hapo, na chupa ya chai mkononi.

Daktari alikuja kueleza baadaye, lakini alimweleza Ann, ndani ya chumba, mlango ukiwa umefungwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na mtu nje naye anahitaji kuelezwa. Tangu siku hiyo Nyanchama hakumpa Mongina kitu chochote kwa mkono wake. Mtoto akija kutembea, bibi anakumbuka kuna kuni za kupasua, kuna ng'ombe wa kukamua, na Bosire ndiye anayebaki akipakua. Mtoto aliona. Watoto huona kila kitu. Aliacha kuomba chai.

Jumamosi Vinny alifika, ametumwa na dada yake ambembeleze mama. Alimkuta kwenye mistari yao michache ya chai nyuma ya nyumba, akichuma kwa haraka ile ile ya zamani. Akaingia mstari wa pili, akaanza kuchuma naye, vibaya, akitupa majani magumu kikapuni.

"Unaharibu," alisema mama yake.

"Mama, kwa nini hutaki Mongina?"

"Nani amesema simtaki?"

"Wewe. Kwa simu."

Nyanchama aliendelea kuchuma hadi mwisho wa mstari. Kisha akasema akiwa amempa kisogo, "Mimi ndio nilimtia hiyo sukari. Kwa mikono yangu. Sasa nyinyi mnataka nimtie nini ingine?"

Vinny alicheka, maana alidhani ni utani. Kisha mama yake akageuka, Vinny akauona uso wake, akaacha kucheka.

"Umekaa na hii maneno miaka mbili?"

"Usinihubirie, Vinny."

"Sikuhubirii." Alitoa majani magumu kikapuni moja moja, akafikiri. "Jumatatu kuja kazini kwangu."

"Kwa panya?"

"Kwa panya."

Nyanchama alienda kwa sababu mtoto wake hakuwa amewahi kumwomba kitu kwa sauti ile. Alivaa gauni la kanisani. Alibeba na mwavuli, na si kwa sababu ya mvua.

Pale chuoni wakampa koti jeupe na barakoa, wakampitisha hadi kwenye dirisha pana la kioo. Upande wa pili kulikuwa na rafu za vibanda vya plastiki, na ndani yake panya weupe pe, wamelala juu ya maranda ya mbao, safi kuliko mashati ya watu wengi anaowafahamu.

"Hawa wanaoga?" alinong'ona.

"Wanajiogesha wenyewe. Sasa tazama. Vile vibanda vya kibandiko chekundu, na vile vya bluu. Wote ni wa ukoo mmoja. Wote tuliwapa kirusi kimoja, siku moja. Ni kirusi cha panya, Mama, hakishiki mtu, wacha kuziba mdomo. Wa nyekundu, wengi wamepata kisukari. Hao ndio tunadunga insulini kama Mongina. Wa bluu, hakuna hata mmoja."

Nyanchama alisogeza uso karibu na kioo. Mtu aliyepika miaka arobaini akiambiwa fulani ameugua na fulani hakuugua, anauliza swali moja tu.

"Hao wa bluu uliwalisha nini?"

"Kile kile cha wenzao."

"Nionyeshe."

Vinny alimletea kiganja cha vidonge vya kahawia, vigumu kama maharagwe makavu. Nyanchama alivunja kimoja, akashusha barakoa, akanusa. Akalamba kidogo kabla Vinny hajamzuia. Kilikuwa na ladha ya unga na majani makavu.

"Haina sukari."

"Haina."

"Na cha kunywa?"

"Maji."

"Hakuna mtu alikuwa anawapitishia chai? Hao wasichana wa kufagia?"

"Mama." Vinny alimshika bega. "Hapa hakuna panya ameonja hata punje ya sukari tangu azaliwe. Na hao wekundu wamepata kisukari hivyo hivyo."

Nyanchama alitafuta mahali pa kuketi, akapata ndoo iliyofunikwa, akaketi juu yake na gauni lake la kanisani. Mambo ya miaka miwili hayashuki mara moja.

"Basi ni hicho kirusi kilikula hiyo... hiyo ya ndani."

"Kongosho. Hapana, na hapo ndipo sisi wenyewe tunashangaa. Hiki kirusi hakiingii kwa zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Wakubwa wangu wamezikagua, hakimo. Zinauliwa na askari wa mwili wenyewe. Si una kinga mwilini? Ile inakupigania ukishikwa na homa. Kirusi kinaingia, askari wanaamshwa, wanatoka mbio na hasira, halafu wanapiga mtu wa nyumbani. Hao wa bluu tuliwapa dawa ya kulaza askari mapema. Kirusi kikaingia tu, lakini hakuna mwenye kupiga kongosho."

"Na mbona hamkumpa Mongina hiyo dawa?"

"Mtu bila askari anauliwa na mafua ya kawaida tu, Mama. Na chembe zake zilikuwa zimeshapigwa. Halafu Mongina si panya. Kwa watu bado tunashuku, tunatafuta. Siwezi kukuapia ni ile homa ilianzisha. Lakini kitu moja naweza kukuapia hata kwa Bibilia." Vinny alichuchumaa mbele ya ndoo, uso kwa uso na mama yake. "Si chai yako. Haikuwa chai yako hata siku moja. Ile kiu ulikuwa unaona ni ugonjwa ulikuwa tayari umeingia."

Machozi yakaingia kwenye barakoa, na Nyanchama akayaacha. Alipoweza kusema tena, aliuliza kwa sauti ndogo, "Hao askari. Walikosea aje? Hawajui watu wao?"

"Hapo hatujui vizuri. Wengine wanadhani labda adui anakuja akifanana na mtu wa nyumbani. Amevaa kama yeye, tuseme."

Nyanchama akatazama mkono wake wa kushoto. Akakitazama kidole kilichopinda, akakigeuza huku na huku. Kisha akaanza kucheka, na akacheka hadi kijana wake akaingiwa na wasiwasi akaenda kumletea maji.

Kabla hajaondoka alirudi pale dirishani. Panya mmoja wa kibandiko chekundu alikuwa ameinuka, pua ikicheza. "Asante, baba," alimwambia. "Na pole." Hakumwambia mtu mwingine maneno hayo, lakini Vinny aliyasikia. Nje ya lango akampigia Ann simu. "Mlete mtoto," akasema. "Na huyo Nyamwange asithubutu kumchukua."

Mongina alifika Ijumaa na begi la shule, mashine ya kupima, na kalamu mbili za insulini ambazo Bosire alizipangia mahali ndani ya chungu cha udongo kilichozungukwa na maji, zisipate joto. Jioni ile mtoto alijidunga mwenyewe, kimya, bibi akisoma karatasi ya Ann mara tatu tatu. Miaka miwili ya kukimbiwa kwa sababu ya kuni haisahauliki kwa usiku mmoja.

Mambo yaliharibika asubuhi ya pili. Mongina alipima, akasoma namba, akaitupa kalamu juu ya meza.

"Sitaki."

"Uji utapoa, mama," Nyanchama alimbembeleza.

"Sitaki kudungwa tena. Hata nikidungwa, kesho ni kudungwa tu." Akausukuma uji kando. "Daktari aliambia mama mwili wangu umejipiga wenyewe. Nilisikia. Mwili wangu unanichukia, Magokoro. Na wewe pia ulianza kuniogopa. Mimi nilifanya nini?"

Kumbe mtoto naye alikuwa na mzigo wake, na sehemu yake nzito alitwikwa na bibi yake, kwa kukimbilia kuni. Bosire alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Hakuingia, hakutoka.

"Kuja hapa," Nyanchama alisema. Akamvuta mtoto hadi magotini ingawa alikuwa ameshakuwa mrefu. "Mimi sikukuogopa wewe. Niliogopa mikono yangu, na nilikuwa mjinga, hiyo nitakueleza ukikunywa uji. Lakini kwanza shika hiki kidole."

Mongina alikishika. Alikuwa amekiona maisha yake yote.

"Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mchumaji mpya kwa kampuni. Wezi wa majani mabichi walikuwa wanaingia shambani jioni wakivaa aproni za wachumaji. Ukiwaona kwa mbali, utasema ni sisi. Wakaiba mpaka askari wakaambiwa, baada ya majani kupimwa, yeyote mwenye aproni ndani ya chai, piga. Siku moja nikasahau sweta yangu chini ya shina. Nikarudi kuichukua na sikuvua aproni. Askari alikuwa mpya, hajamaliza mwezi. Akaona aproni, akarusha rungu. Nikainua mkono hivi."

"Akakuvunja?"

"Kidole hiki."

"Alikuchukia?"

"Angenichukia aje na hanijui? Hakuniona mimi. Aliona aproni. Alikuwa analinda majani, na mimi ndio nilikuwa mwenye kuyachuma. Alipoona amepiga nani, alilia kuliko mimi. Akanibeba kwa mgongo mpaka zahanati. Halafu kila siku akawa anakuja kambini na maziwa, mpaka wasichana wakanicheka." Akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. "Mwili wako haukuchukii, Mongina. Uliamka usiku wa homa kukupigania, ukakosea mtu. Na hatuwezi kuufukuza, maana ndio askari tuko naye. Tunaishi naye, tunamwangalia. Hiyo kalamu ndio ya kumwangalia. Mimi kidole hakikunyooka tena, nikajifunza kuchuma na tisa. Uliza babu yako kama kuna mwenye kumi alinipita kwa mizani."

Mongina alikitazama kidole. Kisha akageuza kichwa polepole kuelekea mlangoni, kwa babu yake.

"Sokoro. Ulikuwa wewe?"

Bosire aliweka ndoo chini.

"Uliomba msamaha?"

"Nilikuwa ka—" alianza Bosire, na neno likagoma. Alimtazama mtoto, kisha akakitazama kile kidole ndani ya kile kiganja kidogo. Alivua kofia. Tangu Ann azaliwe alikuwa akimwita mkewe Mama Ann, mbele za watu na hata wakiwa wawili tu.

"Nisamehe, Nyanchama," alisema. "Ningeangalia uso kwanza."

Miaka arobaini na moja. "Nilikusamehe na maziwa ya kwanza," alisema Nyanchama. "Lakini nilikuwa nangoja kuisikia."

Mongina alijifuta pua kwa kiganja. Akainua blauzi, akalitazama tumbo lake kwa ukali wa mwalimu mkuu. "Na wewe?" akaliuliza. Akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Linasema nini?" aliuliza Bosire.

"Linasema lilikuwa kazini."

Bosire alicheka kwa mara ya kwanza bila kuziba mdomo. Nyanchama akaichukua kalamu, akaizungusha hadi namba iliyoandikwa kwenye karatasi, akamwonyesha mtoto athibitishe. Kidole kilichopinda kilishika ngozi vizuri kuliko ambavyo kingeshika kidole kilichonyooka, na sindano ikaingia na kutoka kabla Mongina hajamaliza kukunja uso.

Kisha akaenda jikoni mwenyewe. Alichemsha maziwa na majani aliyoyachagua kwa mkono, akatia tangawizi kidogo, sukari hakutia. Akamimina kikombe, akakileta kwa mikono yote miwili, akasimama mbele ya mtoto.

"Imekolea?"

Mongina alipuliza, akanywa, akanywa tena hadi masharubu ya maziwa yakamwota. Akanyoosha kikombe.

"Ongeza, Magokoro."

Akaongeza.